Kusaka Vijidudu Kasongo: Kutoka Hadubini hadi Katriji

Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, madaktari wa chuo cha tiba ya kitropiki cha Liverpool, walifika Kasongo, mashariki mwa Kongo, mwanzoni mwa 1905 wakichunguza homa ya papasi, mdudu anayeitwa huko kimputu. Walikuwa wamekwisha kuonyesha, kwa majaribio juu ya nyani, kwamba papasi ndiye anayeieneza. Dutton aliugua homa hiyohiyo akafia Kasongo tarehe 27 Februari, akiwa na miaka 30. Bakteria wa homa hiyo sasa huitwa Borrelia duttonii.

Chombo chao kikuu kilikuwa hadubini. Tone la damu hupakwa kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi, kisha hukaguliwa sehemu baada ya sehemu. Homa ikitulia, bakteria hupungua mno katika damu, na mgonjwa huweza kuonekana mzima.

Ugonjwa wa malale ulileta tatizo hilohilo. Katika miaka ya 1970 ilibuniwa njia ya kupitisha damu kwenye mrija wenye jeli: seli za damu hunaswa kwa chaji yake ya umeme, vimelea hupenya, kisha huzungushwa kwa mashine hadi wakusanyike kwenye ncha ya mrija.

Mwaka 1990 mwanasayansi Andreas Manz na wenzake walipendekeza maabara nzima ibanwe ndani ya kifaa kidogo chenye vijia vyembamba. Wazo hilo limefika hospitalini kupitia mashine kama GeneXpert, ambayo kipimo chake cha kifua kikuu kiliidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa 2010. Makohozi huchanganywa na dawa, huachwa dakika 15, kisha mililita 2 hutiwa kwenye katriji, kikasha kinachoingizwa ndani ya mashine. Humo ndani bakteria huchujwa, hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti, na DNA yao hurudufiwa. Jibu hutoka chini ya saa mbili. Hadubini huhitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 kwa mililita; katriji ya kwanza ilitambua takriban 130.

Tofauti hiyo ina uzito mahali kama Salamabila, kwenye mgodi wa dhahabu wa Namoya mashariki mwa Kongo, kwa kuwa vumbi la mwamba na msongamano huwaongezea wachimbaji hatari ya kifua kikuu. Hata hivyo mashine huhitaji umeme usiokatika, na hunasa pia DNA ya bakteria waliokufa. Kwa hiyo maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa bado hufuatiliwa kwa hadubini.