Shall lilizaliwa deni, tafsiri zetu zikaligeuza ahadi

Katika miaka ya tisini mjomba wangu alikuwa na ekari nne za miwa huko magharibi mwa Kenya. Mkataba aliotia saini na kiwanda ulikuwa wa Kiingereza, kurasa tisa, na mwishoni palikuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumfafanulia mkulima mambo makuu. Ukurasa huo ulisema kwamba kiwanda "kitavuna" miwa ikishakomaa. Miwa ikakomaa. Ikapita miezi ishirini, ikapita ishirini na minne, ikaanza kukauka na kupoteza uzito shambani. Mjomba akafunga safari hadi ofisini. Karani, kijana mwenye adabu zake, alimpa kiti, akausoma ukurasa ule kwa sauti, kisha akamwambia: "Mzee, tulisema tutavuna. Na tutavuna."

Mjomba alirudi nyumbani bila la kusema. Nami, ingawa tayari nilikuwa nafundisha lugha chuo kikuu, sikuelewa alivyopunjwa mpaka nilipoketi na zile kurasa tisa. Mahali ambapo Kiswahili kilisema "kitavuna", Kiingereza kilisema shall harvest, tena kikataja muda. Aliyetafsiri aliliona shall, akakumbuka sarufi ya shule, akaandika -ta-. Kwa herufi mbili tu, wajibu wa kiwanda ukageuka kuwa nia ya kiwanda.

Hebu basi tulitazame neno hili leo, kwa sababu limejaa katika katiba yetu, katika sheria zetu, katika mikataba ya nyumba na ya mikopo, na wengi wetu tunalisoma kama tulivyofundishwa kulisoma tukiwa na kaptura.

Sisi tuliosoma shule za msingi miaka ya sitini na sabini tulilijua shall kupitia fimbo. Kanuni ilikuwa hivi: ukizungumzia wakati ujao, sema I shall na we shall, lakini you will, he will, they will. Ukitaka kuamuru, kuapa au kutisha, geuza: I will, kisha you shall. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa na kisa alichokirudia kila muhula, cha mgeni aliyetumbukia mtoni huko Uingereza. Mgeni yule alipiga kelele akitaka kusema kwamba atazama na hakuna wa kumwokoa, lakini aliyapanga vibaya maneno mawili hayo. Waingereza waliosimama ukingoni wakasikia: "Nimeazimia kuzama, wala mtu asithubutu kuniokoa!" Wakavua kofia zao kwa heshima, wakamwacha azame. Sisi tulicheka. Kisha mmoja wetu akasema I will go home, akala viboko vinne.

Nilikuja kugundua baadaye sana kwamba kanuni ile haikushuka na Waingereza kutoka mbinguni. Aliyeiweka wazi kwa mara ya kwanza ni John Wallis, mwaka 1653, katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza alichokiandika kwa Kilatini ili wageni wajifunze. Wallis alikuwa profesa wa hisabati pale Oxford. Ndiye huyohuyo aliyetupa ile alama ya ukomo usiokuwapo, nane iliyolala. Huenda ndiyo maana kanuni yake inafanana na mlinganyo. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alitoa sarufi iliyosambaa kila mahali, na kanuni ikasambaa nayo. Waskoti na Waayalandi hawakuifuata sana, na Wamarekani waliiacha njiani. Mwaka 1906 ndugu wawili wa ukoo wa Fowler walijaza kurasa nyingi kuieleza katika kitabu chao The King's English, huku wakikiri kwamba asiyezaliwa kusini mwa Uingereza ni vigumu kuipata sawasawa. Sasa niambie, mtoto wa Butere au wa Kitui angeipatia wapi?

Ukiuliza shall ilikuwa nini kabla ya Wallis, ndipo utamu unapoanza. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno hilo lilikuwa sceal, na maana yake ya awali ni "nadaiwa". Lilikuwa kitenzi kamili, si kisaidizi. Mtu angeweza kutaja kiasi cha fedha anachodaiwa na kutumia neno hilo peke yake. Jamaa zake wa karibu wangali hai katika Kijerumani, ambako Schuld ni deni, na pia ni hatia. Should nalo, tunalolitumia kwa maana ya kupaswa, ni shall ya wakati uliopita.

Safari kutoka "nadaiwa fedha" hadi "napaswa kutenda" si ngeni kwetu. Kiswahili kimeipita njia hiyohiyo. Kuwiwa ni kudaiwa. Mwenye kuwiwa ana deni la mtu. Lakini twasema pia "nawiwa kukushukuru", wala hakuna anayedhani kuna fedha zilizokopwa. Deni limehama kutoka mfukoni likaingia katika dhamiri. Mwingereza wa kale alifanya hivyohivyo, kisha akaendelea: jambo ninalodaiwa kulitenda bado halijatendeka, kwa hiyo liko mbele, na polepole neno la deni likaanza kuonyesha wakati ujao.

Will ilitoka kwingine kabisa. Asili yake ni kutaka. Nitakalo nalo bado halijatendeka, kwa hiyo nalo liko mbele. Hivyo Kiingereza kikajikuta na njia mbili za kuieleza kesho, moja inayotoka kwenye deni na nyingine inayotoka kwenye matakwa.

Na sisi je? Chukua vitenzi hivi: anayesoma, aliyesoma, atakayesoma. Katika wakati uliopo tuna -na-, katika uliopita tuna -li-, lakini katika ujao ghafla tunapata -taka-. Hiyo ka imetoka wapi? (Vijana wa siku hizi husema "atayesoma", nimeshachoka kusahihisha.) Ni mabaki ya kitenzi taka. Wanaisimu wanaeleza kwamba kiambishi chetu -ta- ni kitenzi kutaka kilichochakaa kwa matumizi, kama kisu kilichonolewa mpaka kikabaki uzi. "Atasoma", kwa asili yake, ni "ataka kusoma".

Kwa hiyo -ta- ni ndugu yake will. Si ndugu yake shall. Karani wa kiwanda, bila kujua lolote la historia hii, alilisoma neno kwa asili yake halisi: tutavuna, yaani tukitaka.

Najua kuna atakayenipinga hapa. Mama akisimama mlangoni na kusema, "Utaosha hivyo vyombo, halafu utakwenda dukani," hakuna mtoto anayedhani mama anatabiri. Hiyo ni -ta- ya amri, na ni Kiswahili safi. Lakini amri haimo ndani ya -ta-. Imo katika sauti ya mama, katika macho yake, na katika kumbukumbu za juzi. Karatasi haina macho. Ndiyo maana mwandishi wa sheria hulazimika kuliweka deni ndani ya maneno yenyewe.

Hata Waingereza wenyewe wamelichezea neno hili. Wanasheria walilipenda kiasi cha kulitia kila sentensi, hata pasipokuwa na anayedaiwa kitu. Katikati ya karne ya 19 George Coode, mwanasheria wa London, aliwaonya kwamba sheria huzungumza wakati wote, kwa hiyo shall ibaki kwa wajibu peke yake na mengine yasemwe kwa wakati uliopo. Wachache walimsikiliza. Wazo lake hata hivyo lilifika kwetu: Kifungu cha 259 cha Katiba ya 2010 kinataka kila ibara isomwe kwa msingi kwamba sheria daima inasema. Na waandishi wa katiba yetu walikuwa makini mahali pengi. Penye haki ya kuishi, hawakuandika kwamba kila mtu shall have haki hiyo. Waliandika kwamba anayo, sasa hivi.

Lakini penye jinsia waliandika shall. Kifungu cha 81 kinaagiza kwamba watu wa jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili. Uchaguzi wa kwanza chini ya katiba mpya ulipokaribia, Mwanasheria Mkuu aliiomba Mahakama ya Upeo ushauri: je, sharti hili linabana mara moja? Desemba 2012 majaji walio wengi walisema la, litatekelezwa hatua kwa hatua, na wakaweka tarehe 27 Agosti 2015 kuwa mwisho wa kutunga sheria ya kulitimiza. Walieleza kwamba shall huwa amri ya papo hapo pale ambapo kazi yenyewe iko wazi na kuna chombo kilicho tayari kuitekeleza. Penginepo neno hilo laweza kuwa mtindo tu wa uandishi. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, alitofautiana na wenzake.

Mtindo tu wa uandishi! Mimi si mwanasheria, nami nawaheshimu majaji. Lakini kama mwanafunzi wa lugha, nilipoisoma hoja ile nilimkumbuka karani wa kiwanda.

Tarehe ile ya 2015 ikafika, ikapita. Mahakama zikatoa amri, bunge likashindwa kupata idadi ya kura. Basi tukafika kwenye Kifungu cha 261(7), ambacho kina shall mbili zilizopangana kama ng'ombe wa jembe: bunge likishindwa kutunga sheria iliyoamriwa, Jaji Mkuu shall amshauri Rais alivunje bunge, na Rais shall alivunje. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alilipa lake. Alimwandikia Rais Uhuru Kenyatta ushauri huo. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri wenyewe hadi kesi zisikizwe. Bunge lile halikuvunjwa. Lilikaa hadi uchaguzi wa Agosti 2022. Shall ya kwanza ilikuwa deni na ikalipwa. Ya pili mpaka leo hatujui ilikuwa nini.

Wenzetu wameamua kuikwepa shida hii mapema. Afrika Kusini, katika katiba yake ya 1996, wajibu wa dola umeandikwa kwa must. Marekani, kanuni za mashauri ya madai katika mahakama za shirikisho zilipoandikwa upya mwaka 2007, shall iliondolewa, kwa sababu majaji walikuwa wameisoma kwa maana nyingi mno. Sisi tungali nayo, na tuna jambo jingine juu yake: Kifungu hichohicho cha 259 kinasema kwamba matoleo ya lugha mbalimbali ya katiba yakikinzana, la Kiingereza ndilo linaloshinda. Kwa hiyo Mkenya anayeisoma katiba yake kwa lugha ya taifa, akakuta -ta- mahali ambapo Kiingereza kina shall, anasoma ahadi juu ya jambo ambalo kumbe ni deni lake.

Mtafsiri afanye nini? Kwanza aulize kama kuna mtu anayedaiwa. Kama hakuna, asahau wakati ujao kabisa. Kamati "ina wajumbe saba", si "itakuwa na wajumbe saba". Itakuwa nao lini? Kama yupo anayedaiwa, Kiswahili hakina uhaba. Tuna sharti, neno ambalo kwa Kiarabu ni kigezo ambacho mapatano hayasimami bila hicho. Tuna lazima, tuna yapasa, tuna hana budi, yaani hana pa kukwepea. Wakati mwingine dhamira tegemezi peke yake yatosha: mwenye nyumba arekebishe paa, mpangaji asifuge mbwa. Binafsi katika mikataba napendelea "sharti", kwa kuwa hata asiyesoma akisomewa hulisikia likigonga meza.

Watanzania wana hoja yao. Katiba yao ya 1977 hutumia -ta- hata kusema kwamba nchi ina Rais, na kwa mazoea ya miaka mingi kiambishi hicho kimepata uzito wa kisheria kwao. Mazoea ni hoja nzito katika lugha, sikatai. Lakini tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo, sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ndizo zinazosubiri kutafsiriwa, na kila moja ina shall zake. Kabla hawajazimwagia -ta- zote, natamani wangepita kwanza kwenye shamba la mjomba.

Miwa ile ilivunwa hatimaye, nyepesi kama mabua. Mwaka uliofuata mjomba aling'oa visiki na kupanda mahindi. Jioni moja nilimtafsiria upya kile kifungu: kiwanda sharti kivune, ndani ya muda huu, la sivyo kimevunja mkataba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie, kisha akauliza, "Kumbe muda wote ule mimi ndiye niliyekuwa nawadai?"

Nikamwambia ndiyo, mjomba.