Kolistini: Dawa iliyotupwa kando ikarejeshwa

Mwaka 1947, watafiti wa Uingereza na Marekani, kila kundi likifanya kazi peke yake, walitangaza kupata dawa mpya kutoka kwa bakteria wanaoishi udongoni. Dawa hizo zikaitwa polimiksini. Mwaka 1950 mtafiti wa Kijapani, Koyama, pamoja na wenzake, walitangaza dawa nyingine, kolistini, ambayo baadaye ilibainika kuwa ni ya ukoo huohuo.

Thamani yake ilitokana na namna inavyoshambulia. Bakteria kama E. coli na Klebsiella hujikinga kwa utando wa nje ambao dawa nyingi hushindwa kuupenya. Uso wa utando huo umejaa molekuli za mafuta na sukari zenye chaji hasi. Molekuli hizo zingesukumana na kuachana, kama si kalsiamu na magnesiamu kuzishikanisha mithili ya chokaa baina ya mawe. Kolistini ina pete ya asidi amino yenye chaji chanya, na mkia wa mafuta. Pete huvutwa na chaji hasi, ikaing'oa kalsiamu na magnesiamu na kukalia mahali pake. Mkia nao hujipenyeza katika mafuta ya utando. Utando hulegea na kupasuka. Lakini bakteria hao wana utando wa pili, wa ndani, na jinsi dawa inavyouvunja huo ilibaki kuwa suala la mjadala kwa miongo mingi. Utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa huko ndani pia dawa huzishika molekuli zilezile, zikiwa bado hazijafikishwa nje. Ndiyo kusema, watu walitibiwa kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya jambo hilo kuonyeshwa.

Hospitali zilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1950. Haukupita muda mrefu, madaktari wakaona madhara: figo za wagonjwa ziliumia, na wengine walipata ganzi na udhaifu wa misuli. Zilipopatikana dawa kama gentamisini, kolistini iliachwa pole pole katika miaka ya 1970.

Haikuachwa kila mahali, hata hivyo. Wafugaji katika nchi kadhaa waliendelea kuichanganya katika chakula cha nguruwe na kuku, ili kuzuia magonjwa na kuharakisha ukuaji. Hospitalini, nako, bakteria sugu walizidi kuongezeka, na kufikia miaka ya 2000 madaktari walilazimika kuirudia dawa ileile waliyoikimbia. Walikuta tatizo lisilotarajiwa. Dawa hiyo ilizaliwa kabla ya kanuni za leo za kupima dawa, na kipimo chake hakikuwa na msingi imara. Hata vizio vya kuipimia vilitofautiana baina ya nchi na nchi. Mwongozo wa kimataifa wa matumizi yake ulitolewa mwaka 2019.

Wakati huo pigo jingine lilikuwa limekwisha kutokea. Mnamo Novemba 2015, watafiti nchini China walieleza kuhusu jeni mpya, mcr-1, waliyoikuta kwanza katika E. coli ya nguruwe. Jeni hiyo hubandika kipande cha kemikali juu ya molekuli za utando na kuipunguza chaji yake hasi, hata pete ya kolistini ikakosa pa kushika. Usugu wa aina hiyo ulijulikana zamani, lakini bakteria aliurithisha kwa uzao wake tu; mcr-1 huhama kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa jamii tofauti. Kati ya wanyama 804 waliopimwa, 166 walikuwa nayo, na kati ya wagonjwa 1,322, 16.

China ilipiga marufuku kolistini ya kukuzia mifugo mwaka 2017, na usugu ukapungua sana miongoni mwa nguruwe. Hospitalini, mgonjwa anayechomwa dawa hiyo bado hupimwa figo mara kwa mara, kama alivyopimwa mgonjwa wa miaka ya 1960.