Watu watano, deni la milioni 134: yale makumbusho ya Wedgwood yanatufundisha



Wengi kati yetu tukimaliza masomo tunaingia katika asbl fulani, ama tunaunda yetu. Swali la kwanza tunalouliza ni moja: franga ziko? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Leo tuangalie shirika moja la Uingereza ambalo lilikuwa na jina safi, jengo jipya na zawadi kubwa ya taifa, halafu likabakiza kidogo tu kupoteza kila kitu. Hakuna aliyeiba. Njo maana hadithi yake inatufaa: wizi tunaujua, lakini hii njia ingine ya kuanguka hatuizungumzii.

Kwanza mali yenyewe. Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 kule Burslem, fasi ambako ufinyanzi ulikuwa kazi ya mji mzima. Alipokuwa mtoto ugonjwa wa ndui ulimharibu goti, na mwaka 1768 wakamkata mguu wa kuume. Lakini alikuwa mtu wa kupima na kujaribu: udongo huu na rangi hii, moto wa namna hii, anaandika matokeo, anaanza tena. Mwaka 1759 alianzisha karakana yake, na mwaka 1769 akafungua kiwanda kikubwa alichokiita Etruria. Vyombo vyake vilifika meza za wafalme wa Ulaya.

Kuna kazi yake moja inayotugusa sisi Waafrika. Mwaka 1787 kiwanda chake kilitengeneza kidani kidogo cha udongo: Mwafrika amepiga magoti, minyororo mikononi, anauliza kama yeye pia si mtu na ndugu. Kikawa alama ya watu waliopigania kukomesha biashara ya watumwa. Tunaweza kuibishia ile picha, juu inamuonyesha mtu wetu akiomba, hapana akisimama. Lakini ili tubishane juu yake, lazima iwepo fasi fulani, imetunzwa, mtu anaweza kwenda kuiona.

Kutunza ni kitu Wedgwood mwenyewe alikifikiria. Mwaka 1774 alimwandikia mwenzake wa biashara, Thomas Bentley, kuhusu kuweka akiba mifano ya vyombo vyao kwa ajili ya siku za mbele. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka 1906. Leo mkusanyo una vitu karibu 80,000: vyombo, vipande vya majaribio, vitabu vya michoro, barua, na picha zilizochorwa na watu wakubwa kama George Stubbs na Joshua Reynolds.

Sasa tuje kwenye uongozi. Wakubwa wa kampuni waliona hatari mapema: siku kampuni itayumba, wadai watakuja kubeba hata historia. Katika miaka ya 1960 mkusanyo ukatengwa na kampuni, ukawekwa chini ya shirika la hisani lenye wadhamini wake. Kwa lugha yetu, wakaunda asbl. Wazo lilikuwa wazi: biashara upande mmoja, urithi upande mwingine, na ukuta katikati.

Ukuta ulionekana mzuri. Oktoba 2008 makumbusho yalifungua jengo jipya kule Barlaston, karibu na mji wa Stoke-on-Trent. Mwaka 2009 yakapata Art Fund Prize, zawadi ya pauni 100,000 kwa makumbusho bora ya mwaka. Kama ungetumwa siku ile kufanya tathmini, ungeona wageni, ungeona bailleurs wanaamini, ungeandika ripoti nzuri na kurudi nyumbani.

Lakini ukuta ulikuwa na tundu. Wafanyakazi watano wa makumbusho walikuwa ndani ya mfuko wa pensheni mmoja na wafanyakazi wa kampuni. Mfuko ulikuwa na watu karibu 7,000. Watano tu ndio walikuwa wa makumbusho. Nani angehangaika na watu watano?

Januari 2009 kampuni mama, Waterford Wedgwood, ilianguka. Biashara ikauzwa kwa wawekezaji wa Marekani, lakini pengo la mfuko wa pensheni, karibu pauni milioni 134, halikuenda nao. Na sheria ya Uingereza kuhusu mifuko ya namna ile ilikuwa inasema hivi: waajiri walioshirikiana mfuko wakianguka mmoja mmoja, yule wa mwisho anayebaki amesimama njo anabeba deni lote. Waajiri wengine walikuwa wamefilisika. Makumbusho yalikuwa bado yanasimama, tena vizuri. Basi deni likayaangukia. Ukigawa milioni 134 kwa wale wafanyakazi watano, unapata karibu pauni milioni 27 kwa kila mmoja. Uzima wa makumbusho wenyewe ndio uliyaponza.

Mwaka 2010 makumbusho yaliwekwa chini ya msimamizi wa mashirika yaliyofilisika. Likabaki swali moja: je, vile vyombo na barua vinaweza kuuzwa kulipa deni? Watu wengi walijibu hapana, ni urithi wa taifa. Mwaka 2011 kumbukumbu za Wedgwood zilikuwa hata zimeingizwa katika orodha ya Uingereza ya programu ya UNESCO inayoitwa Kumbukumbu ya Dunia. Lakini hakimu hasomi orodha za heshima, anasoma karatasi za umiliki. Desemba 2011 Mahakama Kuu iliamua kwamba sehemu kubwa ya mkusanyo ni mali ya shirika lenyewe, kwa hiyo wadai wanaweza kuifikia. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakubali kwamba hakuna njia ya kupinga.

Hapa tusimame kidogo, juu njo moyo wa mambo. Kuna tofauti kati ya shirika kumiliki kitu na shirika kushikilia kitu kwa amana. Ukikimiliki, ni chako kama kiti cha ofisi: deni likija, kinaondoka na viti vingine. Ukikishikilia kwa amana, karatasi inasema wewe ni mlinzi tu, kwa kazi fulani, na mdai wako hawezi kukigusa. Waanzilishi walikuwa na nia ya amana. Karatasi zao hazikuisema kwa nguvu ya kutosha. Mahakamani nia haina sauti.

Tusiwafanye wale wenye pensheni kuwa maadui. Ni watu waliofanya kazi kwenye viwanda, na bila mikono ya watu kama wao hakuna chombo hata kimoja kingekuwa kwenye kabati la kioo. Mzee aliyekatwa mshahara kila mwezi akiahidiwa pensheni ana haki yake. Ubaya ni kwamba haki mbili, ya wafanyakazi na ya urithi, ziliwekwa zigombane kwa sababu ya mpangilio ambao hakuna aliyeukagua kwa wakati.

Mwisho wake ulikuwa mzuri, lakini kwa bei. Ili mkusanyo usiuzwe vipande vipande, zilihitajika pauni milioni 15.75. Art Fund, Heritage Lottery Fund na wafadhili wengine walikusanya karibu milioni 13. Septemba 2014 wananchi wakaombwa kumalizia milioni 2.74, na maelfu ya watu wakatoa. Mwezi mmoja hivi ukatosha. Mkusanyo ukapewa makumbusho ya Victoria and Albert ya London, nayo ikauacha pale pale Barlaston kwa mkopo wa muda mrefu. Angalieni hesabu: zile milioni 15.75 hazifiki hata asilimia 12 ya lile deni. Wafadhili na wananchi walilipa ili kuokoa kitu ambacho wengi walidhani kilikuwa kimeshaokolewa miaka ya 1960. Na wale wa Stoke-on-Trent wanakiona kila siku, lakini mwenyewe yuko London.

Basi ukiombwa kupima shirika la namna hii, usiishie kwenye mapato na matumizi ya mwaka. Uliza mambo matatu.

La kwanza: kila kitu cha thamani ni cha nani, na karatasi gani inasema hivyo? Sikiliza majibu. «Kila mtu anajua ni yetu» si jibu.

La pili: deni la nani linaweza kutufikia? Bilan inaonyesha deni lililoiva. Haionyeshi kila mara deni linalolala: dhamana tuliyoweka saini kwa ajili ya wengine, mfuko wa pamoja, nyumba iliyo kwa jina la mwanzilishi. Hapa kwetu mwajiri ana michango ya CNSS. Ni asbl ngapi zinaajiri watu miaka na miaka bila kuilipa? Deni hilo halipigi kelele, linakua tu.

La tatu: sheria ikibadilika, nani katika conseil d'administration ana kazi ya kuuliza inatugusa namna gani? Mara nyingi kila mmoja anafikiri mwenzake ameangalia.

Hapa Kongo asbl zinaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Wengi wetu tunanakili statuts za shirika lingine, tunabadilisha jina, tunapeleka. Kesho kijiji kinatuletea ngoma ya mababu, familia ya mwalimu marehemu inatuletea maktaba yake, tunapokea kwa furaha na kupiga picha. Tuandike siku ile ile: kimetolewa, ama kimeazimwa, ama tunakishikilia kwa amana? Kwa kazi gani? Shirika likivunjika, kinarudi kwa nani? Ni ukurasa mmoja na saini mbili. Wale wa Barlaston walitafutiwa pauni milioni 15.75 kwa kuukosa.

Wenye asbl, fungueni statuts zenu usiku huu mutafute kipengele kinachosema juu ya mali. Halafu mutuandikie hapa chini kinasema nini.