Mbwana Samatta

Mbwana Ally Samatta (alizaliwa Dar es Salaam, 23 Desemba 1992) ni mshambuliaji wa Tanzania na nahodha wa miaka mingi wa timu ya taifa, Taifa Stars. Amecheza ligi za nchi saba: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Ugiriki na Ufaransa. Mashabiki humwita Samagoal, na kauli yake ya "haina kufeli" imekuwa msemo wa mitaani.

Alianzia Mbagala Market, timu iliyobadilishwa jina kuwa African Lyon, kisha akasajiliwa na Simba mwaka 2010. Hakukaa sana Msimbazi, makao ya klabu hiyo. Mwaka 2011 Simba ilipangwa na TP Mazembe ya Kongo katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Mazembe ile ile iliyotoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter ya Milano. Simba ilifungwa nyumbani na ugenini, ila Wakongo walivutiwa na kijana aliyewasumbua mabeki wao. Baadaye Mazembe ilienguliwa kwa kumchezesha Janvier Besala Bokungu kinyume cha kanuni, baada ya Simba kukata rufaa. Kwa hiyo Samatta alihamia klabu iliyokuwa imetupwa nje ya mashindano na waajiri wake wa zamani.

Lubumbashi, nyumbani kwa Mazembe, ndiko alikokomaa. Ni mji unaozungumza Kiswahili, na Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu alikuwa naye kikosini, hivyo ugeni haukumlemea. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga USM Alger jumla ya mabao 4-1, Samatta akifunga katika mechi zote mbili za fainali. Alimaliza mashindano na mabao saba, akiwa miongoni mwa vinara wa ufungaji. Siku sita baada ya kunyanyua kombe alikuwa Dar es Salaam akiifungia Stars katika sare ya 2-2 na Algeria. Siku tatu mbele, katika marudiano huko Blida, Algeria, Stars ikachapwa 7-0. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, na mwaka huo akakabidhiwa unahodha wa taifa.

Januari hiyo hiyo alijiunga na Genk ya Ubelgiji. Hapo tena alipewa muda, na muda ukalipa. Msimu wa 2018-19, chini ya kocha Philippe Clement, Genk ilitwaa ubingwa naye akafunga mabao 23 ya ligi. Alitunukiwa pia Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika nchini Ubelgiji. Katika Ligi ya Mabingwa Ulaya aliifunga Salzburg ugenini, na Novemba 2019 akaifunga Liverpool kwa kichwa kutoka mpira wa kona, pale pale Anfield.

Aston Villa ilimsajili Januari 2020 kwa haraka, baada ya mshambuliaji wake Wesley kuumia goti siku ya mwaka mpya. Samatta akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na kurasa za Villa mitandaoni zikafurika Watanzania. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Machi mosi alifunga Wembley kwa kichwa cha kujitupa katika fainali ya Kombe la Ligi, ambayo Manchester City ilishinda 2-1. Kisha korona ikasimamisha soka, Villa ikanusurika kushuka daraja siku ya mwisho, na Septemba klabu ikamnunua Ollie Watkins. Samatta akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo. Wanaosema alishindwa Uingereza husahau kwamba alipewa mechi 14 tu za ligi, katika timu iliyokuwa ikipigania roho yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhamahama. Fenerbahçe ilimchukua moja kwa moja, ikamkopesha Antwerp msimu wa 2021-22, kisha ikamrudisha Genk kwa mkopo mwingine. Hapo soka lilimfanyia kejeli: siku ya mwisho ya msimu wa 2022-23 Genk iliongoza 2-1 dhidi ya Antwerp hadi dakika za nyongeza, Toby Alderweireld wa Antwerp akasawazisha, na ubingwa ukaenda Antwerp, klabu aliyokuwa ameiacha mwaka mmoja tu nyuma. Alipohamia PAOK alipata faraja, kwani msimu wake wa kwanza Ugiriki, 2023-24, uliisha kwa ubingwa.

Akiwa na Stars, aliiongoza nchi kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2019 nchini Misri, la kwanza kwa Tanzania tangu 1980. Timu ilipoteza mechi zote tatu, ingawa alifunga katika kipigo cha 3-2 kutoka kwa Kenya. Kule Ivory Coast, katika fainali za 2023, pasi yake ilizaa bao la Simon Msuva dhidi ya Zambia.

Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka 32, alisaini na Le Havre ya Ligi Kuu ya Ufaransa.