Kiongozi wa kanisa anapoanguka: Hatua zifaazo kuchukuliwa

KASHFA ya kimaadili inapomkumba mchungaji, kasisi au askofu, jambo la kwanza ambalo wazee wengi wa kanisa hujiuliza ni jinsi ya kulinda jina la kanisa. Historia imeonyesha kuwa swali hilo ndilo huzaa makosa makubwa zaidi. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: nani ameumizwa, na nani angali hatarini?

Kisa cha John Smyth katika Kanisa la Uingereza, lililo chimbuko la Kanisa la Kianglikana hapa Kenya, kinadhihirisha hayo. Smyth alikuwa wakili mashuhuri aliyeongoza kambi za vijana Wakristo. Kati ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, aliwacharaza wavulana viboko kikatili nyumbani kwake akidai kuwatakasa dhambi. Mwaka wa 1982 ripoti kuhusu unyama huo iliandikwa na kusomwa na watu wachache, lakini haikufikishwa kwa polisi.

Mnamo 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine na kuendeleza ukatili ule ule. Mwaka wa 1992 mvulana wa miaka 16 alipatikana amekufa katika kidimbwi cha kuogelea kambini. Smyth alishtakiwa, lakini kesi hiyo ikasambaratika. Baadaye alihamia Afrika Kusini, ambako alifariki mwaka wa 2018 bila kuhukumiwa. Kilichofichwa Uingereza kililipiwa na watoto wa Afrika.

Uchunguzi huru uliotolewa Novemba 2024 ulisema aliwadhulumu zaidi ya watu 100. Ulieleza pia kwamba viongozi wa ngazi za juu walipoarifiwa mwaka wa 2013, hatua hazikufuatiliwa ipasavyo. Siku chache baadaye, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kutofautisha dhambi na uhalifu. Mchungaji aliyezini na mtu mzima kwa hiari amevunja kiapo chake, na kanisa lina mamlaka ya kumwadhibu. Hata hivyo, hata hapo kuna swali la iwapo hiari hiyo ilikuwa ya kweli, hasa pale ambapo muumini alimwendea akitafuta ushauri katika shida. Naye aliyemnajisi mtoto au kumlazimisha mtu ametenda jinai, na mahali pa jinai ni kituo cha polisi.

Sheria ya Kenya ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamtambua mtoto kuwa yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na inawaadhibu wanaotumia vibaya nafasi ya kuaminiwa. Wazee hawana mamlaka ya kumaliza kesi ya aina hiyo kwa maombi, kwa fidia ya mbuzi, wala kwa kumhamishia mtuhumiwa parokia nyingine.

Hatua ya pili ni kumpumzisha mtuhumiwa majukumu mara moja. Kufanya hivyo si kumhukumu. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Timotheo, anaonya dhidi ya kupokea mashtaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu. Lakini katika sura iyo hiyo anaagiza kuwa wanaodumu katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Wanaonukuu onyo la kwanza na kuliruka agizo la pili husoma nusu ya andiko.

Tatu, uchunguzi ufanywe na watu wasiomtegemea anayechunguzwa. Mara nyingi wanaoketi kumwamua mchungaji ni jamaa zake, marafiki zake au watu aliowateua mwenyewe. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Papa Francis alitoa agizo mwaka wa 2019, likafanywa la kudumu mwaka wa 2023, kwamba makasisi na watawa wote ni lazima waripoti dhuluma za kingono pamoja na njama za kuzificha. Kila dayosisi ilitakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamishi. Changamoto kubwa iko katika makanisa huru, ambamo mwanzilishi ndiye mhubiri, mweka hazina na mwenye ardhi.

Nne, waumini waelezwe ukweli kwa kiasi kinachofaa, bila kuwaanika waathiriwa. Ukimya huacha nafasi kwa uvumi, na mara nyingi uvumi humgeukia aliyelalamika. Gharama ya matibabu na ushauri nasaha kwa walioumizwa iwe mzigo wa kanisa. Aidha, mke na watoto wa aliyeanguka wasitelekezwe kana kwamba ni washirika wa kosa.

Mwisho ni suala la msamaha. Mwaka wa 1988, mhubiri wa televisheni wa Marekani, Jimmy Swaggart, aliungama kwa machozi mbele ya waumini baada ya kuhusishwa na kahaba. Dhehebu lake, Assemblies of God, lilimtaka akae mwaka mzima bila kuhubiri. Alikataa, akavuliwa uchungaji, na baada ya muda mfupi akarejea mimbarini kivyake. Mwaka wa 1991 alikumbwa na kashfa nyingine ya aina hiyo.

Msamaha ni haki ya kila anayetubu, lakini mimbari si haki ya mtu yeyote. Mfalme Daudi alisamehewa baada ya kukemewa na nabii Nathani, ila upanga haukuondoka nyumbani mwake. Anayetubu kikweli hukubali kuketi miongoni mwa waumini wengine, kwa muda mrefu, na pengine maisha yake yote ikiwa aliwadhulumu wanyonge. Kanisa linalokubali hayo halijajiaibisha. Limewahakikishia wadogo waliomo ndani yake kuwa wako salama.