Kuni na mito: Karne moja ya nishati katika viwanda vya chai vya Kericho na Bomet

Kiwanda cha chai katika kaunti za Kericho na Bomet hutambulika kwa mbali kwa bomba la moshi, na kwa karibu kwa marundo ya kuni. Ni jambo la kustaajabisha. Hili ni eneo ambalo mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mito yake hushuka kwa kasi kutoka Msitu wa Mau. Kampuni za chai zilianza kuvuna umeme wa mito hiyo enzi za ukoloni. Kwa nini basi kuni hazijaondoka kiwandani?

Chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1903, huko Limuru. Miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianzisha mashamba makubwa Kericho, katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakipsigis na ambayo hadi leo ni chanzo cha madai. Makampuni hayo yalileta mbinu zilizokuwa zimekomaa India. Huko Assam na Cachar, majani yalikuwa yakikaushwa kwenye trei juu ya makaa, hadi Samuel Davidson, kijana wa Belfast aliyefanya kazi katika mashamba ya Cachar, alipobuni mashine ya kukausha kwa hewa moto. Mwaka 1881 alifungua karakana yake ya Sirocco mjini Belfast, na mashine zake zikasambaa duniani.

Kanuni yake ndiyo inayotumika hadi sasa. Nishati iliyofungwa ndani ya kuni huachiliwa na moto na kuwa joto. Joto hupenya chuma, chuma huipasha hewa moto, na hewa hiyo hupita kwenye majani na kuyanyang'anya maji. Baadaye viwanda viliweka boila, mvuke ukawa mchukuzi wa joto kati ya moto na hewa, lakini safari ni ileile.

Kuni zenyewe zilikuwa na historia yao. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili kulisha injini za mvuke za reli ya Uganda. Ni mti unaokua haraka na kuchipua tena ukikatwa. Reli ilipoziacha kuni, chai iliendelea nazo, na ndiyo maana mashamba ya mikaratusi yamepakana na ya chai kote Kericho.

Mito nayo ilipewa kazi tofauti. Mashine za kusaga, feni na mikanda ya kusafirishia majani zinahitaji mwendo, na maji yanayoporomoka yana mwendo tele. James Finlay ilikuwa ikizalisha umeme wake wa maji Kericho kufikia mwaka 1934. Mahitaji ya mwendo yaliongezeka zaidi viwanda vilipochukua mashine ya CTC, iliyobuniwa Assam na William McKercher mwanzoni mwa miaka ya 1930, ambayo huponda na kukatakata majani kati ya roli zenye meno.

Bomet pia ina mfano wake, ingawa si wa chai. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari miaka ya 1930, ilikamilisha mwaka 1987 kituo cha umeme cha kilowati 320 kwenye maporomoko ya Mto Nyangores. Na maji yanayotoka kwenye vilima vya chai kupitia mito ya Kipsonoi na Yurith huingia Mto Sondu, ambako kituo cha Sondu-Miriu huzalisha megawati 60. Yakitoka hapo, maji hayohayo huzungusha mitambo ya Sang'oro, chini kidogo.

Hapa ndipo fizikia ya shule inapojibu swali letu. Majani mabichi ya kilo 100 hubeba maji kilo 75 hadi 80, ilhali chai kavu hubakiwa na unyevu wa takriban asilimia 3. Kunyausha majani kwa hewa ya feni huondoa sehemu ya maji hayo. Hata hivyo, kwa kila kilo moja ya chai, takriban lita mbili husalia za kufukuzwa kwa joto.

Kugeuza lita moja ya maji yaliyokwisha kufika kiwango cha kuchemka kuwa mvuke kunahitaji takriban megajuli 2.26. Tani nzima ya maji, yaani lita 1,000, ikiporomoka mita 100 hutoa chini kidogo ya megajuli moja. Maana yake, ingebidi zaidi ya lita 2,000 zianguke kutoka kimo hicho ili kukausha lita moja tu iliyo ndani ya majani. Kilo moja ya kuni kavu hutoa takriban megajuli 15. Mto unaweza kuzungusha mashine usiku kucha, lakini kazi ya kukausha huushinda.

Aliyetuwezesha kufanya hesabu hiyo ni James Joule, mwana wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester. Mwaka 1845 alitangaza matokeo ya jaribio ambalo uzito ulioshuka ulizungusha pangaboi ndani ya maji, na maji yakapata joto. Tangu hapo kimo, mwendo na joto vikapimwa kwa kipimo kimoja, ambacho leo kina jina lake.

Kanuni kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi ina maana nzito kwa mkulima. Joto lisilofika kwenye majani halijatoweka. Limetoka kwa bomba la moshi, limevuja kwenye mabomba ya mvuke yasiyofunikwa, au limekausha kuni zenyewe. Kuni ambazo nusu ya uzito wake ni maji hutoa takriban megajuli 8 tu kwa kilo. Kiwanda kinachochoma kuni mbichi hulipia kukausha mara mbili.

Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, umuhimu wa kila mita ya kuni ulionekana wazi zaidi. Shirika la KTDA liliundwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo, na viwanda vinavyosimamiwa nalo, kama Litein, Kapkatet na Mogogosiek, ni mali ya wakulima wenyewe. Gharama ya kuni hukatwa kabla ya bonasi kulipwa. Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao, mkulima asiulize bei ya mnada wa Mombasa peke yake. Aulize pia: mita moja ya ujazo ya kuni zetu hukausha kilo ngapi za chai, na kuni hizo hukaa bandani miezi mingapi kabla ya kuchomwa?