Albamu Isiyo na Ua

Mwezi uliopita nilikwenda Ukata, wilayani Mbinga, na kamera ya zamani yenye mkanda wa picha 36. Nilipiga uzio wa matete, kichanja cha kuanikia kahawa, mashimo ya ngolo mteremkoni. Mama mmoja mzee akaniuliza: "Mwanangu, mbona unauharibu mkanda?"

Swali hilo lina historia. Mkanda ulikuwa ghali, hivyo familia zilisubiri harusi au kipaimara, zikasimama mbele ya pazia la studio. Ndivyo Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, alivyopata wateja. Mitaa yetu ya enzi ya Wajerumani tunaiona zaidi kwa jicho la wageni kama Walther Dobbertin, ambaye picha zake zimo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani.

Albamu ya mama yangu ina pazia lenye mnazi (sisi, watu wa milimani!), ua wetu haumo. Ndugu zangu walipogombania mpaka wa shamba, tuliipekua yote tukiutafuta mti wa mpakani. Hatukuuona. Picha yangu ya 36 ni kisiki chake.